Kondo Yakini na Taa ya Mifupa

Kijiwe cha Kibiti kilizaliwa na woga wa mtu mwingine. Mhindi mmoja alikuwa ameletewa boriti za mikoko kutoka deltani ili ajenge duka pale njia panda. Vita vya maji vilipolipuka huko vilima vya Umatumbi, akafunga virago akakimbilia pwani, na boriti zake akaziacha zimelala kando ya njia. Huseni, ambaye kila mtu alimwita Makaa kwa sababu vidole vyake havikupata kutakata, akaleta jiko lake na birika lake la kahawa akaliweka mbele ya boriti zile, na watu wakakaa. Buni ilikuwa adimu siku hizo, kwa hiyo Makaa aliitwanga pamoja na mtama wa kukaanga, na mtama ndio uliokuwa mwingi. Hakuna aliyelalamika. Watu walikuja kwa ajili ya maneno, si kahawa, na mwenye maneno mengi kuliko wote alikuwa Kondo, ambaye alikaa kwenye boriti nene upande wa kivulini.

Jina lake la kijiweni lilikuwa Yakini. Alikuwa mkulima wa mpunga kama wengine, hakupata kufika mbali zaidi ya Mohoro, lakini neno "sijui" lilikuwa halijapata kupita mdomoni mwake. Ukimuuliza mvua itanyesha lini, atakwambia, na mwisho ataongeza: "Yakini." Ukimuuliza kwa nini Mdachi ana macho ya rangi ile, atakwambia pia, yakini. Watu walimpenda kwa hilo. Katika nchi ambayo leo yupo Mdachi na kesho moto uko kwenye maghala, kuna raha kukaa karibu na mtu asiye na shaka. Alikuwa amesema vita havitavuka mto. Vikavuka. Hakuna aliyemkumbusha.

Alasiri moja alitokea mtu anachechemea, fimbo mkononi, kofia imekaa upande. Alikuwa Khamisi. Askari wa Wadachi walikuwa wamemkamata miezi kadhaa nyuma awabebee mizigo kwenda vitani, yeye na vijana wengine wa Kibiti, na habari zilizorudi ni kwamba ameuawa njiani.

— Salaam aleikum.

— Aleikum salaam, alijibu Makaa, akasahau kahawa ikamwagikia makaa. Khamisi! Wewe si tumekwisha kukusomea khitma?

— Mmenisomea? Na pilau mlikula?

— Pilau ya wapi, bwana, na njaa hii? Tulikula mihogo.

— Basi mnanidai khitma, mimi nawadai pilau, alisema Khamisi, akaketi. Akaketi kwenye boriti nene, kwa kuwa hakujua ni ya nani. Kondo, aliyekuwa amesimama kumpa mkono, akabaki kutafuta pa kukaa, mwisho akakalia ncha, karibu na moshi.

Mwingine aliyekuwa pale ni Dadi, mtu mwembamba, mpole, aliyewahi kusoma chuoni mpaka katikati ya msahafu, kisha mwalimu akahama. Toka hapo wakamwita Nusu Msahafu. Alipenda methali kuliko alivyozijua.

— Eleza, mwenzangu, alisema Dadi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe guu limevunjikaje?

— Halikuvunjika. Tulivamiwa msituni, mizigo iko vichwani. Magobori yakalia kutoka kila upande. Unajua gobori, mtu hujaza chochote, misumari, vipande vya jembe. Nikapigwa pajani. Kidonda kidogo, damu kidogo, ila kutembea siwezi. Wakanitia kwenye machela mpaka Dar es Salaam, hospitali ya Wadachi. Daktari akanibonyeza hapa, akanibonyeza pale, hakioni kipande. Basi akaniwekea taa ya mifupa.

— Taa ya nini?

Khamisi akaweka kikombe chini. Ilionekana amekwisha kuisimulia habari hii njia nzima, lakini bado ilikuwa inamshangaza mwenyewe.

— Chumba kizima giza, madirisha yamezibwa nguo nyeusi. Nimelazwa juu ya meza. Juu yangu wametundika kitu kama chupa, kubwa, tupu, haina maji wala mafuta. Chini ya paja wameweka kioo kilichofungwa kwa karatasi nyeusi. Mtu akazungusha gurudumu, chupa ikaanza kunguruma, ikawaka kijani kibichi kama kimulimuli. Daktari akasema, usitikisike. Nikalala mpaka mguu ukafa ganzi. Hakuna kilichonigusa, wallahi. Wala joto, wala upepo. Halafu wakakichukua kile kioo wakakiosha kwenye dawa, wakakiinua dirishani, wakanionyesha. Jamani! Mfupa wangu. Wangu mimi, nikiwa hai. Nyama imekuwa kama moshi, mfupa umesimama katikati, na kando ya mfupa kipande cha chuma, cheupe pe kama jino. Daktari akachana hapo hapo kilipo, akakitoa. Mnaniona natembea.

Wakautazama mguu wake. Kisha wote wakaanza pamoja.

— Ndani ya chupa mna jini, alisema Makaa.

— Si jini, alisema Dadi. Ni mwanga unaoingia kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Nyama ikishajaa mwanga, mfupa unakosa pa kujificha.

— Na aliyeizua ni nani?

— Yule msaidizi wa daktari, mtu wa Bagamoyo, alinieleza, alisema Khamisi. Ati ni Mdachi mmoja wa huko kwao, haijapita hata miaka mingi. Alikuwa chumbani mwake peke yake na chupa kama ile, ameifunika vizuri isitoe mwanga. Akaona kitu upande wa pili wa chumba kinang'aa. Mwanga umepenya kifuniko! Akaweka mkono wake katikati, akaona vidole vyake mifupa mitupu. Hakumwambia mtu, akidhani atachekwa. Mwisho akamwita mkewe, akaulaza mkono wa mkewe juu ya kioo, na mfupa ukaonekana, na pete iko kwenye mfupa inaning'inia.

— Mke akasemaje?

— Ati alitishika. Kama mtu aliyechungulia kaburi lake.

— Mimi mke wangu simwonyeshi, alisema Makaa. Akiuona mfupa wake atakwenda kwao kusema simlishi.

Wakacheka. Dadi akasogea mbele.

— Lakini, mabwana, hebu tulitazame vizuri. Kama inapita nyama, je, kanga itaizuia? Wanawake wetu watapita wapi?

— Inaona mtoto tumboni, alisema Makaa.

— Inaona chakula ulichokula jana.

— Inaona ulichokula kwa jirani na ukakataa kuwa umekula.

— Basi inaona uongo! alisema Dadi. Kikulacho ki nguoni mwako. Uongo unakaa hapa, kwenye mbavu za kushoto, mwalimu alitufundisha kabla hajahama.

Kondo alikuwa hajasema neno. Moshi wa jiko ulimwingia machoni, na mara kwa mara aligeuza uso. Aliona jinsi watu walivyomwelekea Khamisi, magoti na vifua. Khamisi, ambaye kabla ya vita alikuwa akikaa mwisho wa boriti na kucheka wengine wakicheka! Makaa alikuwa amemjazia kikombe mara ya pili bila kuombwa. Na hakuna hata mmoja aliyegeuka kuuliza: "Yakini, wewe wasemaje?"

— Abdalah yuko wapi? aliuliza Khamisi ghafla. Tulikuwa naye siku ile ile. Yeye alipigwa mkono, akasema ni mkwaruzo tu, akawatoroka askari akarudi nyumbani.

Abdalah alikuwa mtoto wa Mwantum, dada yake Kondo. Alikuwa kijana wa kuoa mwaka ule, kama si vita.

— Yupo, alisema Kondo. Kajeraha kadogo. Mama yake anamkanda.

— Kamevimba?

— Kamevimba kidogo.

— Basi chuma kimo ndani, kama changu. Mpelekeni, Kondo. Wapagazi waliojeruhiwa wanatibiwa, hawaulizwi kitu, wala hakuna anayekumbuka kwamba alitoroka. Kuna machela zinapita hapa kesho, majeruhi wanapelekwa Dar es Salaam, zingine ziko tupu. Nitasema na msimamizi. Taa itakiona kile chuma, watakitoa, atarudi kulima.

Lilikuwa jambo jema, na limesemwa kwa wema. Kondo mwenyewe aliliona kuwa jema. Lakini lilitoka kwenye boriti nene, na yeye alikuwa kwenye moshi.

— Hapelekwi, alisema.

— Kwa nini?

— Kwa sababu taa hiyo inaonyesha maji.

Kikombe cha Dadi kilisimama kabla ya kufika mdomoni. Hapakuwa na mtu pale ambaye hakuyanywa. Maji yale ya dawa yalikuwa yamepita vijiji vyote vya mtoni mwaka uliotangulia, yamebebwa kwenye vibuyu, na watu waliambiwa kwamba anayeyanywa, risasi za Mdachi zitamgeukia maji. Wazee walikunywa, wanawake walikunywa. Sasa Mdachi alikuwa anatafuta waliokunywa, na kamba alikuwa nayo.

— Maji yanaonekanaje? aliuliza Makaa kwa sauti ya chini.

— Maji yale si ya mtungini, alisema Kondo. Yana dawa, na dawa haimtoki mtu. Mnadhani Mdachi amebeba chupa ile kutoka Ulaya kwa ajili ya paja la Khamisi? Ameileta kwa sababu hiyo. Anakulaza, anajifanya anatafuta chuma, taa ikifika tumboni, tumbo linawaka. Hapo hapo askari yuko mlangoni.

— Lakini mimi nililazwa, alisema Khamisi, na mimi pia...

— Wewe uliwekewa taa pajani. Ingepanda shibri moja tu, tusingekuwa nawe hapa.

Dadi akacheka, cheko la woga. Makaa akacheka. Khamisi akautazama mguu wake. Mtu atabishana vipi na jambo kama lile? Watu wakageuka, magoti na vifua, wakamwelekea Kondo.

— Una hakika, Kondo?

— Yakini, alisema Kondo.

Hakuwa amelisikia mahali popote. Lilikuwa limemjia mdomoni likiwa limekwisha kupikwa, na alipolisikia kwa masikio yake likawa na sauti ya jambo la kweli. Makaa alimjazia kikombe. Kilikuwa kitamu, hata kwa mtama wote ule.

Maneno hayana miguu lakini yalifika kwa Mwantum kabla ya magharibi. Alimkuta kaka yake uani, anafunga mbuzi.

— Kaka, Khamisi amekuja kwangu anasema nimtoe mtoto kesho na machela. Kisha jirani amekuja anasema nikimtoa nimemuua. Nimechanganyikiwa. Wewe umesema taa inaonyesha maji. Ni kweli?

Hapo palikuwa na nafasi, na Kondo aliiona. Hapakuwa na mtu mwingine, ila mbuzi. Angeweza kusema, dada yangu, yale yalikuwa maneno ya kijiweni. Mwantum angemcheka kidogo, kesho yake angemfunga mwanawe kitambaa kisafi, na basi. Lakini Mwantum alimtazama kama alivyokuwa akimtazama toka utotoni, walipofiwa na baba, yeye akasimama mlangoni akasema hakuna tabu, na yeye dada mtu akaamini. Kondo alifunga fundo la kamba ya mbuzi, akalifungua, akalifunga tena.

— Yakini, alisema.

— Alhamdulilahi nimekuuliza, alisema Mwantum, akaondoka anakwenda mbio.

Machela zilipita asubuhi. Kondo alikuwa kijiweni, kwenye boriti yake nene. Ziko zilizokuwa na watu, na ziko zilizokuwa tupu, zinayumba mabegani mwa wapagazi. Khamisi alisimama kando ya njia anazitazama mpaka ya mwisho ikapita. Hakuja kunywa kahawa siku ile.

Mkono wa Abdalah haukukubali kukandwa. Mganga mmoja aliitwa kutoka Ruaruke, akachanja juu ya kiwiko kutafuta chuma, hakukipata. Akachanja chini ya kiwiko. Mwingine aliitwa kutoka Umwe, naye akachanja kwapani. Kondo alikwenda kumtazama mpwa wake, akamkuta amelazwa kwenye kitanda cha kamba, mkono umewekwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine, umekuwa mnene, unang'aa.

— Mjomba, karibu, alisema Abdalah, jasho linamtoka. Wananitafutia chuma ndani ya mkono kama watu wanaochimba panya. Kila shimo wanalochimba, panya hayupo.

Kondo alicheka, kwa kuwa kijana alitaka achekewe. Chumbani mlikuwa na harufu. Mwantum alimletea Kondo uji, naye akasema amekwisha kula, wakati hajala.

Kijiweni aliongea juu ya nguruwe wanaoharibu mihogo. Aliongea sana. Dadi akitaja habari ya mgonjwa, Kondo alirudi kwa nguruwe.

Kisha alasiri moja Khamisi alitokea, hana fimbo tena, ana kamba begani. Hakusalimu.

— Inukeni, alisema.

Wakainuka, bila kujua kwa nini. Khamisi akainama, akachomoa boriti mbili nyembamba kutoka pale walipokaa, akazipima urefu kwa mikono.

— Nafunga machela. Mkono wake umekuwa mweusi. Nahitaji mabega ya watu.

— Watamnyonga, alisema Kondo. Sauti yake ilikuwa ndogo.

— Akinyongwa, atanyongwa akiwa hai. Humo ndani alimo anaoza.

Dadi alitazama kikombe chake, akakiweka juu ya jiko. Alikuwa mtu mwoga, kila mtu alijua, na alikuwa amekunywa maji vibuyu viwili kwa kuogopa kuwa kimoja hakitoshi.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Dadi kwa unyonge, akashika ncha ya boriti. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuipata methali mahali pake, na hakuna aliyegundua.

Walipomtoa Abdalah mlangoni, Mwantum alimtazama kaka yake, aliyekuwa amesimama mbali kidogo, penye ua. Alikuwa anangoja neno. Kondo alitazama chini. Vijana wengine wawili wakaja wakashika, machela ikainuka, na mkono ule ukiwa umefunikwa kwa jani la mgomba ukapita karibu yake kabisa. Mabega yake Kondo yalikuwa mazima. Hakuyatoa.

Masika yakaingia. Mto ukafura ukajaza mabonde mpaka Mkongo, watu wakalinda mpunga kutoka kwenye vibanda vya juu ya maji. Khamisi na Dadi walirudi, wakasema wamemfikisha hai, wakamwacha mikononi mwa daktari. Zaidi ya hapo hawakujua. Mwantum alikaa mlangoni kwake, uso kaskazini.

Na Kondo naye alingoja. Siku moja, akiwa kibandani peke yake anafukuza ndege, aliwaza habari itakayokuja, na akajigundua. Kipande cha moyo wake kilikuwa kinangoja habari ya kamba. Si kwamba alitaka kijana afe. Alimpenda kijana, alimbeba mgongoni mtoni alipokuwa mdogo. Alitaka tu asiwe amekosea. Alilitazama wazo hilo kama mtu aliyeona nyoka ameingia kwenye nguo zake mwenyewe, na hakuwa na mtu wa kumpigia kelele. Aliwarushia ndege udongo mpaka bega likamuuma.

Abdalah alirudi wakati wa mavuno. Hakupita kwanza kwa mama yake, kwa kuwa njia ilimfikisha kijiweni kabla ya nyumbani. Makaa ndiye aliyemwona kwanza, akasimama. Kijana alikuwa amenona kidogo usoni. Mkono wa kushoto alishika bakora. Wa kulia haukuwepo, mkono wa kanzu ulikuwa umekunjwa na kushonwa kwa uzi mweupe, kwa mshono wa ustadi.

Wakamkumbatia, wakamuombea, Khamisi akalia bila kujificha. Wakamketisha. Kondo alimsogezea mwenyewe boriti nene, akakaa kwenye ncha.

— Haya, tuambie, alisema Makaa, ambaye hakuweza kujizuia. Taa waliiwasha?

— Waliiwasha. Ni kama Khamisi alivyosema, chupa na kioo. Lakini yule msaidizi mikono yake imebabuka, ngozi inatoka. Nikamuuliza umeungua na nini. Akasema hajui, labda ni taa yenyewe, maana kila siku anaijaribu kwa kuweka mkono wake mbele kabla ya mgonjwa. Hata wao hawaijui yote. Wanasema wazi kabisa: hatujui.

— Na mkono wako? aliuliza Khamisi.

— Kipande kilionekana mara moja. Kidogo kama punje ya hindi, kimelala kando ya mfupa, karibu na kifundo cha mkono. Hakuna mganga aliyechanja huko. Daktari akasema kukitoa ni kazi nyepesi sana, ila mfupa umekwisha kuoza. Aliuliza kwa nini nimechelewa. Nikasema njia ni ndefu.

Hakuna aliyekunywa. Kondo alizungusha kikombe chake mkononi.

— Wakauweka mkono wote juu ya kioo, aliendelea Abdalah, na kifua kidogo, kuona uozo umefika wapi. Nikamwambia msaidizi, ndugu yangu, taa isishuke tumboni. Akauliza kwa nini. Nilikuwa na homa, nikamwambia ukweli, kwamba nilikunywa maji na sitaki yaonekane. Alicheka! Alicheka mpaka akashika meza. Akasema maji ni maji, mtu akiyanywa anayakojoa, taa haina habari nayo. Yeye mwenyewe aliyanywa alipokwenda likizo kwao. Nikaona haya, lakini nikakutetea, mjomba. Nikamwambia, mjomba wangu si mtu wa kusema ovyo. Akisema jambo analijua. Huenda kuna taa ya namna nyingine ambayo ninyi hamjaletewa.

Alimgeukia Kondo. Uso wake ulikuwa wazi, hauna ncha wala mtego. Alikuwa kijana anayemuuliza mkubwa wake jambo lililomsumbua njia nzima.

— Kwa hiyo nikasema nikifika nitamuuliza mwenyewe. Mjomba, ulijuaje?

Makaa alitazama jiko. Dadi alifungua mdomo, na methali zote za dunia zikamkimbia. Khamisi alikuwa amemtazama Kondo, kisha akaona haya kumtazama, akageuza macho.

Kondo alitafuta. Alitafuta mtu aliyemwambia, msafiri, askari, ndoto. Mdomoni mwake neno lile moja alilolizoea lilikuwa limekaa tayari kama kawaida, na neno lile jingine, ambalo halikupata kupita, lilikuwa nyuma yake linasukuma. Halikutoka hata moja. Alisikia birika linachemka, kisha akasikia linaacha kuchemka, limekauka.

— Kahawa imekwisha, alisema Makaa, ingawa hakuna aliyeomba.

Abdalah alingoja kidogo zaidi. Kisha Kondo aliona jambo likipita kwenye uso wa mpwa wake, taratibu. Haikuwa chuki, na ingekuwa chuki angeshukuru. Kijana aliinamisha macho, kama mtu aliyefungua mlango kwa bahati mbaya akamkuta mkubwa wake uchi.

— Si kitu, mjomba, alisema. Nilitaka kujua tu.

Akainuka aende kwa mama yake. Alipoinuka, shuka aliyoivaa chini ya kanzu ikalegea, ikaanza kuteremka. Aliidaka kwa mkono wa kushoto, akajaribu kuipiga fundo, kidole gumba kikasukuma, vidole vikavuta, fundo likakataa. Bakora ikaanguka. Akajaribu tena. Hakuna aliyejua kama ni heshima kumtazama au kutomtazama.

— Bado sijazoea, alisema, anacheka kidogo. Nifungie, mjomba.

Kondo alitoka kwenye ncha ya boriti, akapiga magoti mbele ya mpwa wake kwenye vumbi la njia panda, watu wanapita. Alishika pande mbili za shuka. Kwa vidole vyake kumi akafunga fundo la kwanza, likafunguka lenyewe. Akafunga la pili. Hakuinua uso.

— Kaza, mjomba, alisema Abdalah juu yake. Isije ikanidondoka mbele ya mama.

Kondo akakaza.